KUPE HAJUI NGOMBE WA NANI



Sisi wakapita wa wafinalisti tumezoea kuandika katika gazeti hii juu ya usafi wa dortuari, juu ya kuchelewa asubuhi, na juu ya wale wanaoruka lupango siku ya posho kwenda sokoni. Leo tunaacha mambo ile yote. Tunataka kusema juu ya ngombe. Wengine watacheka na kusema: wakapita wamekosa kazi. Basi wacheke kwanza, halafu wasome mpaka mwisho.

Mwezi wa tisa, masomo ilipofunguliwa, wenzetu watatu hawakurudi. Hawakufukuzwa, na ekzame hawakushindwa. Wote watatu wanatoka katika vijiji vinavyozunguka kilima chetu. Wazazi wao walikuwa wametenga ngombe wa kuuzisha ili walipe makuta ya mwaka. Ngombe walikufa mwezi wa nane. Mmoja wao alikuwa wa kwanza katika kalasi yake. Sasa anapiga matofali kando ya barabara, na siku ya soko tukipita anageuza uso. Ndiyo maana tunaandika.

Kilima ni cha nani?

Kile kilima kilicho nyuma ya masomo yetu si cha mtu mmoja. Wazee wanasema kimekuwa malisho ya wote tangu babu zao. Sheria ya inchi yetu ya tarehe 20 mwezi wa saba 1973 inasema udongo wote ni mali ya Serikali. Tena sheria ileile iliahidi kwamba haki za wenyeji juu ya udongo wanaoukaa na kuulima zitapangwa kwa amri ya Rais wa Inchi. Miaka zaidi ya 50 imepita, na amri ile haijatoka. Kwa hiyo kilima kinaishi kwa desturi tu: kila mtu anajua kwamba ni cha wote, lakini hakuna karatasi inayosema nani anakitunza.

Juu ya kilima kile kuko ngombe wa mfanyabiashara mwenye kundi kubwa, na kuko ngombe mmoja wa mama mjane. Kuko mbuzi za wamama, kondoo za wazee, na ngombe saba za masomo yetu, zile zinazotupa maziwa kwa wagonjwa na nyama siku ya sikukuu. Wote wanakula majani mamoja na kunywa maji mamoja. Jioni wanaachana, kila mmoja anaingia katika lupango lake. Hapo kila mwenye ngombe anafikiri ngombe zake ni zake peke yake. Ni hapo tunapodanganyika.

Kupe na safari yake

Katika somo la biolojia tulifundishwa juu ya kupe, tuliandika katika kaiye, tukasahau. Mwaka huu tulijifunza tena kwa uchungu.

Ugonjwa ulioua ngombe mwezi wa nane unaitwa teileriozi, ni homa inayoletwa na kupe. Ngombe anapata moto mwilini, tezi zilizo chini ya masikio zinavimba, anaacha kula, anapumua kwa shida, na mwishoni povu inatoka puani. Mara nyingi anakufa kabla ya mwezi kwisha. Ndama wanakufa zaidi.

Anayeleta ugonjwa huu ni kupe mdogo wa rangi ya udongo ambaye anapenda kukaa masikioni. Kupe huyu hamalizi maisha yake juu ya ngombe mmoja, anahitaji watatu. Anapotoka katika yai yuko safi. Anapanda ngombe wa kwanza, anakunywa damu, na kama ngombe yule anabeba ugonjwa, anaumeza. Kisha anaanguka katika majani, anabadilisha ngozi, na anangoja. Anaweza kungoja miezi mingi bila kula. Ngombe wa pili akipita anampanda, na huyo ndiye anaachiwa ugonjwa. Anaanguka tena, anabadilisha ngozi mara nyingine, anatafuta wa tatu. Na yule wa kwanza pengine alikwisha kupona zamani na ananenepa. Ngombe aliyepona anaweza kubeba ugonjwa katika damu bila mtu kumjua.

Sasa fikirini. Kupe ameanguka kutoka sikio la ngombe wa tajiri, amepanda sikio la ngombe wa mjane. Hakuuliza ni ngombe wa nani. Kama tajiri anapulizia dawa na mjane hapulizii, kupe watakula kwa mjane na kuzaana. Kama mjane anapulizia na tajiri anaacha, ni vilevile. Juu ya malisho ya wote, dawa ya mtu mmoja ni kama kufagia upande mmoja wa nyumba siku ya upepo.

Makosa yetu

Hapa inafaa tuseme ukweli, hata kama unatupata sisi wenyewe.

Mwaka uliopita wazee wa kilima waliunda komite. Walikubaliana kwamba kila siku ya tano asubuhi ngombe wote watapita mahali pamoja na kupuliziwa dawa, na kila mwenye ngombe atatoa franka 1.000 kwa kila kichwa kwa mwezi. Walileta barua kwetu. Jibu la masomo lilikuwa la heshima, lakini lilikuwa hapana. Tulisema: sisi tuko na pompi yetu, tuko na dawa yetu, na wanafunzi wetu wanajua kazi. Ilikuwa kweli. Sisi wakapita ndio tulishika ufunguo wa depo, na mwaka wote wa masomo tulipulizia kila wiki bila kukosa.

Halafu vakansi kubwa ikafika. Mwezi wa saba tulifunga depo, tukarudi kwetu. Hakuna mtu aliyeuliza: nani atapulizia mwezi wa saba na wa nane, wakati wa mvua, wakati kupe ni wengi? Mchungaji wa ngombe hakuwa na ufunguo. Wiki nane ngombe saba wa masomo walipanda kilima kila asubuhi bila dawa, na komite iliendelea kupulizia wa wengine. Mwisho wa mwezi wa nane ndama wakaanza kufa katika vijiji viwili, kisha ngombe wakubwa. Kwetu ndama mmoja tu alikufa.

Hatusemi kwamba ugonjwa wote ulitoka kwetu. Hakuna anayeweza kupima vile. Lakini tulipohesabu kupe mwezi wa tisa, ngombe mmoja tu wa masomo alikuwa na kupe 64 katika sikio moja, na ngombe wa komite tuliyemhesabu siku ileile alikuwa na 5. Tulinyamaza sote. Aliye na masikio asikie, hata kama ni masikio ya ngombe.

Karibu damu imwagike

Kuko jambo lingine ambalo wengi hawakulijua. Ngombe walipoanza kufa, watu wa kijiji cha juu walisema watu wa kijiji cha chini wametia sumu majini, juu ya ugomvi wa zamani wa mashamba. Siku ya soko vijana walikuja na mapanga. Huku kwetu Ituri mambo hayo si mchezo. Kila mtu anajua kwamba vita vilivyoanza katika Djugu mwaka 1999 vilianza na ugomvi wa udongo, na vilimaliza watu wengi sana na ngombe wao pamoja.

Nani alizima moto ule? Hakuja askari. Alikuja mtekniki wa wanyama, mtu mmoja tu, kwa moto ya kuazima, na esansi iliyolipwa na wazee. Alichoma sindano katika tezi ya ngombe mgonjwa, akatoa maji kidogo, akayapaka katika kioo, akaenda kutazama kwa mikroskopi. Alirudi kesho yake na kusema mbele ya wote: hakuna sumu, ni ugonjwa wa kupe. Alionyesha kupe wenyewe. Wale vijana walirudisha mapanga nyumbani. Tangu siku ile tumefahamu kwamba munganga wa wanyama anaponyesha ngombe, na tena anaponyesha ujirani.

Nani alipe nini?

Sasa tufike kwenye ulizo kubwa. Watu wengine wanasema: Serikali ilipe yote, kama zamani. Wengine wanasema: kila mtu alipe yake, ngombe ni mali yake. Sisi tunaona wote wawili wanakosea, juu ya sababu magonjwa si ya namna moja.

Kuko magonjwa yanayokamata mnyama mmoja na kubaki kwake: jeraha, mguu uliovunjika, ndama anayekataa kuzaliwa. Hapo mwenye mnyama alipe, kama vile mtu anavyolipa dispensari.

Kuko magonjwa yanayotembea kwa hewa, toka pua mpaka pua, kama homa ya mapafu ya ngombe, na ile tauni ya mbuzi na kondoo iliyoua mbuzi wengi sana katika Kongo mwaka 2012. Kuko kimeta, ambayo inakaa katika udongo miaka makumi na inaua hata watu wanaokula nyama ya mnyama aliyekufa mwenyewe. Hapo mtu mmoja hawezi kujikinga peke yake. Mwenye kulipia chanjo anamlinda na jirani ambaye hakulipa, na jirani akijua hivyo, atangoja tu. Mwishoni hakuna atakayelipa. Magonjwa hayo ni kazi ya Serikali. Serikali ilipe chanjo, na itangaze siku kwa radio na makanisani mbele ya kufika.

Na katikati kuko kupe. Kupe si wa mtu mmoja, lakini si wa inchi nzima pia, ni wa kilima. Basi kilima kilipe. Hiyo ndiyo maana ya komite.

Mambo hayo hatuyatoi kichwani tu. Wakati wa miaka ya 1890 ugonjwa wa sotoka uliua sehemu kubwa sana ya ngombe wa Afrika ya Mashariki na ya Kusini, na njaa ikafuata. Munganga wa wanyama Walter Plowright na wenzake walitengeneza chanjo nzuri kule Muguga, inchi ya Kenya. Lakini chanjo ile ilitaka frigo, na ngombe wengi walikuwa mahali ambapo hakuna barabara wala frigo. Mwanzo wa miaka ya 1990 ilipatikana chanjo inayovumilia joto. Hapo watu walifanya jambo ambalo wakubwa wengi walilikataa kwanza: walifundisha wafugaji wenyewe kuchoma sindano. Walifanya hivyo kwa Waafar wa Ethiopia, katika Karamoja ya Uganda, na katika Sudani ya Kusini, mahali ambapo munganga mwenye diploma hakuweza kufika. Sotoka ilionekana mara ya mwisho katika Kenya mwaka 2001, na mwaka 2011 dunia yote ilitangaza kwamba imekwisha. Kabla yake, ndui peke yake ndiyo ilimalizwa hivyo duniani. Serikali ilitoa chanjo, wanganga walitoa elimu, wafugaji walitoa miguu na mikono. Kama mmoja angekosa, sotoka ingekuwa hai mpaka leo.

Tunajibu wanaopinga

Wa kwanza anasema: «Ngombe ni ya matajiri. Juu ya nini sisi walimaji tusumbuke? Tena ngombe zinakula mihogo yetu.» Ndugu, juu ya mihogo uko na haki, na komite ipashwe kuhukumu wachungaji wanaolala. Lakini tazama kilima vizuri. Tajiri akipoteza ngombe 10 anabaki na 30. Mjane akipoteza mmoja amepoteza vyote. Na mbuzi na kuku ni za nani? Ni za mama zetu. Daftari zetu zinatoka pale.

Wa pili anasema: «Dawa iko sokoni, inatoka Paidha kule Uganda, kila mtu anunue.» Ndiyo, iko. Lakini wengi wanaongeza maji ili ifike kwa ngombe wote, na dawa isiyo na nguvu inaua kupe dhaifu, inaacha kupe hodari wazae. Baada ya miaka michache dawa ileile haitafaa kitu. Ni vilevile kwa tetra: mtu anachoma nusu ya sindano leo, anasahau kesho, na maziwa yenye dawa anawapa watoto. Dawa bila mwalimu ni kama gari bila shofere.

Wa tatu ni mzee wetu anayesema: «Sisi tulitibu kwa miti, na ngombe waliishi.» Tunamheshimu. Wazee walijua kuchoma majani yaliyozeeka ili kupe wapunguke, na kuhamisha ngombe. Lakini zamani kilima kilikuwa kikubwa na ngombe walikuwa wachache. Leo mashamba yamepanda mpaka nusu yake, na hakuna mahali pa kuhamia.

Wa nne ni sisi wenyewe wanafunzi. Tunasema: «Munganga wa ngombe? Mimi nataka kuwa munganga wa watu, ao avoka.» Katika kalasi yetu ya wafinalisti tuliuliza: nani anataka kusoma utibabu wa wanyama? Hakuna mkono uliopanda. Kuko fakilte katika Universite ya Lubumbashi, na kuko nyingine karibu zaidi, Universite Catholique du Graben ya Butembo. Mafasi yako. Haya inatuzuia tu, kwa sababu munganga wa wanyama anakanyaga mavi. Lakini nyama tunakula wote.

Tunachoomba

Kwa Bwana Prefe na komite ya wazazi: masomo yetu iingie katika komite ya kilima. Ngombe saba ni franka 7.000 kwa mwezi. Ni chini ya bei ya kuku moja mzuri. Na siku ya tano ngombe wa masomo wapite pamoja na wa wengine, wakati wa masomo na wakati wa vakansi. Ufunguo wa depo uwe mkononi mwa mchungaji, si mfukoni mwa kapita.

Kwa walimu wa biolojia: mara moja kwa mwezi mtupeleke kilimani kuhesabu kupe. Hesabu zile zipelekwe kwa komite, zitawaonyesha kama dawa inafanya kazi ao imechoka.

Kwa wazee wa komite, kama gazeti hii itawafikia: mchague watu wawili ao watatu wa kufundishwa na mtekniki, na mmoja wao awe mama, kwani mbuzi na kuku ni wamama wanaowajua. Mtu huyo alipwe kidogo kwa kila kazi, asifanye bure, kwani kazi ya bure inakufa baada ya mwaka. Na mwenye ngombe mmoja tu, kama hana franka, alipe kwa mikono: achote maji ya pompi. Asifukuzwe, kwani kupe wake watabaki kilimani na sisi.

Kwa Serikali: hatuombi mambo makubwa. Tunaomba chanjo ifike siku iliyotangazwa, ikiwa baridi, kati ya digri 2 na 8, na mtekniki apate esansi. Moto ya kuazima isiwe ndiyo inayozuia watu kukatana mapanga.

Na kwetu wanafunzi: tulikosa. Tulifunga depo, tukaenda kula vakansi. Sisi wakapita tumekubaliana kwamba makuta ya karamu yetu ya mwisho wa mwaka, ile ya wafinalisti, hatutaikula. Itakwenda kulipia mwenzetu mmoja kati ya wale watatu, arudi masomoni mwaka unaokuja. Haitoshi kwa wote watatu, tunajua. Kalasi nyingine ikiweza kumkamata wa pili, tutafurahi. Wa tatu tunamwacha mbele ya walimu na wazazi.

Tumalize kwa jambo dogo. Juzi jioni tulipita kilimani. Mama mjane alikuwa amekaa chini, ameshika kichwa cha ndama wake katika mapaja, anatoa kupe masikioni mmoja mmoja, anawatia katika kopo lenye mafuta ya taa. Tulimsalimia: «Mama, habari ya kazi?» Akajibu: «Wanangu, nikitoa leo, kesho wako.» Hakusema kwa hasira. Lakini karibu yake ngombe wawili wa masomo yetu walikuwa wanakula majani, na sisi tulijua kupe wale wanatoka wapi.

Ni sisi,
Wakapita wa wafinalisti